Akiba ya Macho

Wiki tatu zilizopita nilikwenda Makoko kumwona Baba, na niliporudi huku Bunda ninakofundisha, sikutulia siku kumi nzima. Nikikaa, nasimama. Nikipika, nasahau chumvi. Siku moja nilisahihisha madaftari ya darasa zima nikaja kugundua nimeweka alama ya vema hata pale mtoto alipokosea, ikabidi nianze upya. Kilichonivuruga ni kitu kidogo sana, ndugu yangu, na ukisikia unaweza kunicheka. Taa ilizimika.

Umeme haukukatika. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye anayeishi na Baba pale nyumbani, ameweka sebuleni taa za kujizima zenyewe. Ukiingia zinawaka, ukitoka zinazimika, na ukikaa dakika chache bila kutikisika zinakuhesabu hupo. Ni za kubana matumizi ya umeme, na mdogo wangu anazisifu mbele ya kila mgeni utadhani kazitengeneza yeye. Jioni hiyo jua lilikuwa limeshazama na dirishani kumebaki weupe kidogo tu. Tulikuwa wawili sebuleni. Baba alikuwa kwenye kiti chake na kitabu cha sala mapajani, mimi kwenye kochi, nimechoka na safari. Hakuna aliyejitikisa, na taa ikazimika.

Nikasubiri aseme neno. Baba yangu ni mtu ambaye maisha yake yote hakuna taa iliyowaka wala kuzimika bila yeye kutoa maoni. Safari hii hakusema kitu. Uso ulikuwa umeinamia kitabu, kidole kimesimama kwenye mstari, midomo inatembea polepole. Nikahesabu moyoni mpaka ishirini. Nikapunga mkono, taa ikawaka, na yeye akaendelea vilevile alivyokuwa. Hakuinua hata kichwa.

Asubuhi nikaaga, nikaondoka. Sikumuuliza chochote, na hilo ndilo lililoninyima raha, kwa sababu nilikuwa nimeshawahi kukaa kimya hivyohivyo, katika sebule hiyohiyo, karibu na kiti hichohicho. Nilikuwa na miaka tisa, nikaingia kumi nikiwa bado kimya.

Wakati huo Baba alikuwa karani wa serikali na Mama aliuza dagaa sokoni Mwigobero. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu, sebule, na jiko la nje. Balbu zilikuwepo sita, lakini iliyokuwa kazini ni moja. Mambo yalianza siku tulipofungiwa mita ya Luku, ile ya kulipia kwanza ndipo utumie. Baba aliichukulia mita ile kama mgonjwa aliyelazwa ukutani. Akirudi kazini, hata viatu hajavua, ameshakwenda kuitazama imeamkaje na imeshindaje. Haikupita wiki akazunguka vyumba vyote na stuli, akafungua balbu moja moja, akazivisha soksi zake kuukuu zisivunjike, akazifungia kwenye kabati la vyombo. Ikabaki ya sebuleni peke yake. Tuko watu wanne, alisema, hatuwezi kuwa na taa nyingi kuliko watu.

Basi maisha yetu yote yakahamia sebuleni. Ikifika jioni, kila aliyekuwa na jambo lake alilibeba akalileta chini ya globu ile. Mimi na madaftari yangu nilikuwa sakafuni, nimeegemea kochi lenye vitambaa vya kufuma ambavyo Mama hakutaka tuvikalie. Mama alimwaga dagaa kwenye ungo akawa anachambua mchanga na vikonokono. Mdogo wangu, ambaye alikuwa bado wa kuogeshwa, aliogeshwa kwenye beseni pale pale pembeni ya kabati, maji yanaruka hadi kwenye hesabu zangu. Baba alisikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya chini, maana aliamini sauti kubwa nayo inakula umeme. Harufu ya dagaa, sabuni ya mche na ugali wa muhogo uliotoka jikoni zilichanganyika, mpaka leo nikiinusa sabuni ile nasikia njaa. Na usiku, wadudu wa ziwani walipokuja kwa makundi yao mazito, hawakuwa na chumba cha kuchagua. Walikuja wote kwetu kwenye globu yetu moja, wakaanguka kwenye ungo, kwenye beseni na kwenye vikombe vya chai.

Tulilalamika, usidhani hatukulalamika. Mama alikuwa akienda chumbani gizani kutafuta kanga anarudi na shati la Baba, kisha analivaa hivyohivyo ili amkomoe. Lakini hatukuwahi kukaa pamoja kama tulivyokaa miaka ile. Huwezi kumnunia mtu wakati taa yenu ni moja.

Ili tusikate tamaa, Baba alianzisha zawadi. Kila Jumapili baada ya ibada Mama alipika sato mzima, na kichwa cha sato, ambacho kwa watu wa ziwa ni haki ya mwenye nyumba, Baba alikitoa kwa mtu aliyebana umeme kuliko wote wiki hiyo. Aliyekutwa kaacha redio inaimba peke yake alikuwa ameshajitoa. Aliyewasha taa kabla ya giza kuingia naye hivyohivyo. Baba alisimama, akataja makosa yetu moja baada ya jingine kama mwenyekiti wa kikao, halafu akakiinua kichwa kwa mwiko.

Bibi alipokuja kutoka Bukima, hakuna mwingine aliyekipata tena.

Huyu ni mama yake Baba. Babu alipofariki, Baba alikwenda kumchukua ili asikae peke yake. Alikuja na mkeka, jembe na mfuko wa mbegu za karanga, maana aliambiwa ni kwa muda tu, masika ikianza atarudi kulima. Masika ikaja, Baba akasema labda ijayo. Bibi hakubishana. Alichagua kiti kimoja cha mbao karibu na dirisha, kutoka mlango wa nyuma hatua nne, akakifanya chake, na jembe lake akaliegemeza ukutani nyuma yake. Mama alilitoa nje mara mbili, mara mbili likarudi.

Mimi nina jina lake, na kwa hiyo Baba hadi leo huniita mama. Bibi mwenyewe aliniita mke mwenzangu. Alinitania kwamba namnyang'anya mume, hata kama mume mwenyewe ameshazikwa, na akanituma kama mke mdogo anavyotumwa: leta maji, leta ugoro, nikune mgongo. Nilimpenda kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, na sioni aibu kulisema.

Alikuwa akisuka vikapu vya milala. Jioni wote tukisogea kwenye mwanga, yeye alibaki pale dirishani na mikono yake inakwenda, wala hatazami. Mchana wa mawingu, sebule ikiwa nyeusi tii, ungemkuta anasuka. Baba akawa anatuonyesha. Mnamwona bibi yenu, anasuka kikapu kizima bila taa, na ninyi mnataka taa hata ya kutafutia mdomo. Bibi alicheka kidogo, mikono ikiendelea.

Siku moja, ilikuwa inanyesha, nikarudi shule nimelowa. Nikaingia sebuleni, nikanyoosha mkono kwenye swichi. Bibi akaniwahi kabla sijaibonyeza.

"Mke mwenzangu, acha hiyo."

Nikamwambia kuna giza, sioni begi langu. Akaniita karibu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akausoma uso wangu kwa vidole kuanzia paji hadi kidevuni. Ndipo aliponiambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayekueleza namna ya kupika.

"Macho nayo yana uniti zake, kama hiyo mita ya baba yako. Ukiyatumia ovyo yanaisha. Ya kwangu yamebaki kidogo, ndo maana nayafumbaga hapa nayawekea akiba. Nataka nikirudi Bukima niione nyumba yangu. Sasa ukimwambia baba yako, hatanirudisha. Nitakaa kwenye hiki kiti mpaka nife."

Nikamwamini. Wewe ungefanyaje? Nililelewa katika nyumba ambayo kila kitu kiliisha kwa kutumiwa na kilibaki kwa kuzimwa. Sukari ilikuwa hivyo, betri zilikuwa hivyo, umeme wenyewe tuliuona ukipungua ukutani kwa tarakimu. Kwa nini macho yasiwe hivyo? Nilimwona Bibi kuwa mjanja kuliko hata Baba, maana yeye alikuwa ameshagundua kitu kingine cha kubana. Nikaapa kwa mate kwamba sitasema.

Tangu hapo nikawa mimi ndiye wa kuona. Mtu akiingia, Bibi aligusa mguu wangu kwa kidole chake cha mguu nami nikanong'ona ni nani. Alipopewa ungo wa dagaa achambue, alichambua kwa mbwembwe zote, halafu ungo ukipita kwangu naurudia kwa siri. Nilipougua homa wiki moja, Baba alitafuna jiwe mezani, na Mama akawalaumu wauza dagaa wa Mwigobero kwamba siku hizi wanaanika mchangani. Bibi aliendelea kula. Mimi nilikuwa nimelala chumbani mlango ukiwa wazi, nikasikia kila kitu, na nakiri nilijisikia mtu mkubwa.

Kila Jumapili kichwa cha sato kilikuja kwa Bibi. Baba alikitoa kwa heshima, wakati mwingine kwa mikono miwili. Bibi alinigawia mashavu, ambayo ndiyo matamu, lakini macho nilikataa kula. Niliyachomoa moja baada ya jingine nikamwekea mkononi, nikamwambia hayo ni ya kuongeza. Mara ya kwanza nilipofanya vile aliyageuza kwanza kwa kidole. Kisha akayala.

Nakumbuka Jumapili moja kanisani lilitolewa tangazo. Madaktari wa macho wanakuja hospitali, watakaa siku tatu, mwenye mzee nyumbani amlete. Tulikuwa tumekaa benchi moja. Mkono wa Bibi ukatafuta mkono wangu ukanibana juu ya kiganja, si kwa nguvu. Nikatazama mbele. Baba, upande wa wanaume, alikuwa anamnong'oneza mwenzake, nadhani habari za umeme. Zile siku tatu zikaja zikapita, na mimi nilikwenda shule na kurudi kama kawaida.

Masika mbili zilipita hivyo. Halafu wakaja wageni kutoka Butiama.

Walikuwa wanakuja kumposa shangazi yangu mdogo, dada yake Baba. Kwa wageni wa namna hiyo nyumba haiwezi kuwa na globu moja. Baba alifungua kabati, akavua balbu soksi, akazirudisha zote mahali pake, na jioni ilipofika nyumba yetu iliwaka hadi nje kwenye mti wa mpapai. Televisheni ya chogo, ambayo siku zote ilikuwa imefunikwa kitambaa, ikafunuliwa ikawashwa. Mama alipanga sebule upya. Viti vya wageni aliviweka mstari dirishani, kiti cha Bibi akakihamishia karibu na kabati, na pale kilipokuwa akaweka meza ya kioo yenye soda na bilauri. Akaniita akaniambia, mwambie bibi yako kiti chake kiko karibu na kabati. Alidhani ni jambo la adabu tu, mzee asishangae. Nikasema ndiyo Mama.

Sikumwambia. Sikukataa wala sikupanga, ni televisheni tu. Kulikuwa na watu wanacheza ngoma kwa nguo za rangi, na mimi nilikuwa sijawahi kuiona imewashwa zaidi ya nusu saa. Nikakaa chini mbele yake, mdomo wazi, nikasahau kwamba kuna mtu ninayemwonea.

Bibi aliingia kwa mlango wa nyuma kuwaamkia wageni, maana yeye ndiye mama wa binti. Alikuwa amevaa kitenge kipya, amenyooka. Akapiga hatua zake nne bila wasiwasi, kama mtu anayejua anakokwenda, akanyoosha mkono kushika mkono wa kiti, akajikalisha. Meza ikapinduka. Vioo, soda, bilauri, vyote vikaenda chini, na yeye juu yake.

Wakati huo sebule ilikuwa na mwanga kuliko siku yoyote tangu ijengwe. Hapakuwa na kona ya kujificha. Wageni wote waliona, sisi wote tuliona. Wale watu kwenye televisheni wakaendelea kucheza ngoma yao. Bibi akapapasa sakafu iliyolowa, akauliza kwa sauti ya kawaida.

"Nani amehamisha kiti changu?"

Mzee mmoja wa wageni akasema polepole kwamba mama haoni. Baba akakataa. Anaona, alisema, anaona vizuri, yeye ni mtu wa kubana umeme tu, na akatabasamu ili wageni nao watabasamu. Hakuna aliyetabasamu. Baba akaenda kwenye kabati, akatoa tochi, akapiga magoti kwenye vioo na suruali yake ya sikukuu, akammulika Bibi machoni, kwanza moja, halafu la pili. Bibi hakupepesa hata kope. "Mwanangu," alimuuliza, "unafanya nini?" Baba akazima tochi.

Shangazi aliolewa, usiwe na wasiwasi, watu wa Butiama hawakuwa na neno. Ila asubuhi yake Baba alimpeleka Bibi hospitali, nami nilikwenda kwa sababu hakutaka kuuachia mkono wangu. Daktari alitumia muda mrefu na taa yake ndogo. Akasema ni presha ya macho. Akasema huu ugonjwa hauumi, unaiba pembeni kidogo kidogo, na mtu akiwahi kuna dawa ya matone ya kuuzuia, lakini ulichokwisha kukichukua haukirudishi. Kufumba hakusaidii. Akauliza ilianza lini. Bibi akanibana kiganja juu kama siku ile ya kanisani, akamjibu daktari: juzi juzi tu, baba, juzi juzi.

Hakunitaja. Hakunitaja siku ile wala siku nyingine.

Balbu hazikurudi tena kwenye soksi. Baba aliziacha zinawaka zote, mpaka tulikuwa tukiamka asubuhi tunazikuta. Mita ikalia usiku na mchana kwamba inaisha, naye akapita mbele yake bila kuitazama. Jumapili sato alikatwa vipande kama samaki mwingine yeyote, na kichwa kikaelea kwenye sufuria hakuna anayekitaka. Na sisi, kwa kuwa sasa kila chumba kilikuwa na taa yake, tukatawanyika. Mimi nikasomea chumbani. Mama akachambulia dagaa jikoni. Kwenye sebule akabaki Bibi na kikapu chake, na taa inawaka juu yake bila faida.

Kiangazi Baba akamrudisha Bukima. Alisema hana sababu tena ya kumzuia. Nilikwenda nao. Tulipofika Bibi aliomba asishikwe. Akaigusa nguzo ya mlango, akaingia, akaupitia ukuta kwa kiganja chote, akayapata mafiga matatu kwa mguu, akauliza mbona moja limesogezwa. Alisimama pale katikati ya nyumba yake muda mrefu, uso umeelekea dirishani, na mimi nilisimama mlangoni nikijua kwamba ile akiba yote haikufika. Jioni, kwa kuwa Bukima hakukuwa na umeme wakati huo, sisi tuligongana na mabeseni na yeye akatupita katikati akatupakulia chakula. Aliishi miaka mitatu zaidi, akilima karanga kwa kupapasa. Sikuwahi kumwambia Baba nilichojua. Kwanza niliogopa, baadaye nikaona wakati umepita, na baada ya hapo nikawa mtu mzima mwenye mazoea ya kunyamaza.

Sasa unaelewa kwa nini taa kuzimika iliniondolea usingizi. Siku ya kumi na moja niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikarudi Makoko.

Ilikuwa Jumapili jioni. Wajukuu wa Baba, watoto wa mdogo wangu, walikuwa kila mmoja chumbani kwake na simu yake. Televisheni kubwa ya ukutani ilikuwa imezimwa. Baba alikuwa kwenye kiti, na kiti chenyewe, kama sijakuambia, ni kile cha Bibi, amekirudisha dirishani tangu zamani. Nilikaa karibu naye. Tukaulizana habari za Bunda, mvua, bei ya dagaa. Halafu nikatulia makusudi, mikono mapajani, kama mtu anayepigwa picha. Yeye alikuwa na kitabu chake. Taa ikazimika.

"Baba," nikasema, "hapa taa inawaka au imezimika?"

Kidole chake kilibaki kwenye mstari.

"Niambie wewe, mama."

Nikamtazama bila kujitikisa, kwa ule weupe wa dirishani, na ndipo nilipoona kitu ambacho safari ile sikukiona. Jicho la kulia lilikuwa wazi limekodolea ukurasa. La kushoto alikuwa amelifumba kwa makini, kope zimebana. Zile sala hakuwa anazisoma, anazijua kwa moyo tangu ujana.

Akanieleza mwenyewe. La kulia lilishaondoka tangu mwaka jana, lilianzia pembeni. La kushoto lipo, linaona vizuri tu ukilielekeza mbele. "Ila jioni nalifumbaga," alisema, karibu kwa kujisifu. "Nalibania. Nataka lifike Krismasi, niwaone wote mkija."

Sijui kama nilicheka au nililia, naona vilikuja pamoja. Mtu aliyepiga magoti kwenye vioo na tochi, aliyesikia maneno ya daktari kwa masikio yake mawili, ameketi kwenye kiti kilekile anafanya jambo lilelile. Nikamwambia. Nilimwambia yote, bila kupumzika, miaka yote ile ikatoka kwa mkupuo mmoja: uniti za macho, ungo wa dagaa, tangazo la kanisani, kiti alichohamisha Mama. Nikamwambia nilijua masika mbili nzima na nilinyamaza, na kwamba kama ningesema, mama yake angeiona Bukima.

Hakuna aliyejitikisa, kwa hiyo taa nayo haikuwaka. Nilingoja anifukuze, nilikuwa tayari kufukuzwa.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema mwishowe. "Mimi ndiye nilikuwa nampa kichwa cha samaki."

Kisha akanyoosha mkono kunitafuta, na taa ikawaka. Alikuwa amefumbua jicho la kushoto. Akanitazama nalo kwa muda, akaninyooshea kidole kwamba nimekonda, akauliza hospitali siku hizi wanafungua saa ngapi.

Kesho yake tulikuwa wa kwanza kwenye foleni. Daktari, binti mdogo wa kumfundisha mimi, alisema la kulia hawezi kutudanganya, limekwenda. La kushoto linaweza kulindwa, matone asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja, na mzee alitumie, alisomee, alitazamie wajukuu. Nimemwekea mdogo wangu saa ya kumkumbusha kwenye simu, na mimi mwenyewe napiga kila jioni kuuliza. Bado situlii. Wakichelewa kupokea natembea kutoka jikoni hadi mlangoni. Zile taa za kujizima nimemwambia azitoe sebuleni, aweke swichi ambayo mtu anaiwasha kwa mkono wake. Alinung'unika kidogo, akazitoa.

Na usinielewe vibaya, naikumbuka sebule ya globu moja kwa hamu ambayo wakati mwingine inaniuma. Nawakumbuka wadudu wa ziwani kwenye chai. Namkumbuka mdogo wangu kwenye beseni, Mama na shati la Baba, redio yenye sauti ya kunong'ona, na sisi watano tumesongamana ndani ya duara moja la mwanga kwa sababu hatukuwa na kwingine kwa kwenda. Siku hizi kila mtu ana taa yake na hakuna anayejua mwenzake anafanya nini gizani. Ningepewa jioni moja tu kati ya zile ningeichukua bila kuuliza, hata ile ya dagaa zenye mchanga. Lakini ningeomba iwe Jumapili, na kabla Baba hajakiinua kile kichwa kwa mwiko, mtu mmoja kati yetu, hata mimi, ageuke dirishani amuulize: Bibi, unaona?